Padre Sebastian Kneipp, Mfumaji Aliyechelewa

Mara kwa mara husikika kijana wa miaka ishirini na mitano akilalamika kwamba amechelewa kuanza, na mzee wa miaka sitini akilalamika kwamba amekwisha maliza. Wote wawili huketi. Juma hili tungependa kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja ambaye, kwa hesabu ya namna hiyo, alichelewa katika kila jambo. Alianza kujifunza Kilatini alipokaribia umri wa miaka 21, akapewa upadre akiwa na miaka 31, akawa paroko alipokuwa akikaribia miaka 60, na kitabu kilichomjulisha kwa ulimwengu alikitoa akiwa na miaka 65. Jina lake ni Sebastian Kneipp.

Alizaliwa tarehe 17 Mei 1821 katika kijiji cha Stephansried, karibu na Ottobeuren, nchini Bavaria, kusini mwa Ujerumani. (Wasomaji wetu wa Peramiho na Ndanda wana udugu fulani na nchi ile, kwani nyumba mama ya Wabenediktini wamisionari, ambao wa kwanza wao walifika Pugu mwaka 1888, imo katika jimbo lilelile la Augsburg.) Baba yake, Xaver, alikuwa mfumaji wa nguo, na kazi ile haikuwatosha watu wa nyumba yake. Kitanda cha mfumi kilikaa katika chumba cha chini ya ardhi, chenye unyevu na giza, kwa kuwa nyuzi za kitani hukatika hewa ikiwa kavu. Hivyo kile kilichofaa nyuzi kiliyadhuru mapafu ya wafumaji. Sebastian aliketishwa mbele ya kitanda kile angali mtoto, akapimiwa kila siku kiasi cha nguo ambacho sharti akimalize kabla hajaruhusiwa kutoka. Wakati wa kiangazi alichunga ng'ombe.

Tangu utoto alikuwa na shauku moja tu, nayo ilikuwa kuwa padre. Lakini masomo yalitaka fedha. Basi alipokua akafanya kazi ya ufumaji na vibarua vya mashambani, akaweka akiba. Na kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, alipofikia miaka 20 alikuwa amekwisha weka gulden 70, fedha ya nchi yao wakati ule. Mwaka 1841 moto ukashika nyumba ya wazazi wake ukaiteketeza, na zile gulden 70 zikateketea pamoja nayo.

Hapa ndipo wengi wetu tungalirudi kwenye kitanda cha mfumi na kusema kwamba Mungu hakupenda. Kneipp hakusema hivyo. Alikwenda kwa mapadre wa nchi ile, mmoja baada ya mwingine, akiomba afundishwe Kilatini, nao mmoja baada ya mwingine wakamrudisha, kwa maana mfumaji maskini wa umri wake, asiye na senti, hakuonekana kuwa seminari. Mwishowe, mwaka 1842, alifika Grönenbach kwa padre msaidizi aitwaye Matthias Merkle, naye akamkubali. Ni vema jina la Merkle likumbukwe. Hakujenga kanisa, wala hakuandika kitabu kinachosomwa leo. Alitoa saa zake za jioni kwa mtu ambaye wenzake walimwona amepitwa na wakati. Miaka miwili baadaye Kneipp aliingia shule ya Dillingen, mji ulioko kando ya mto Danube, akaketi benchi moja na wavulana ambao angaliweza kuwabeba mgongoni.

Akili ilishika masomo, lakini mwili ulikataa. Miaka ya chumba kile cha unyevu, na baridi, na chakula haba, na usiku wa kusoma, yote yalidai deni lake. Alianza kukohoa na kutema damu. Madaktari walimwangalia mara nyingi bila kufanikiwa, hata waliomzunguka wakakata tamaa. Alimaliza shule mwaka 1848 akaanza masomo ya teolojia, lakini kwa hali aliyokuwa nayo ilionekana kwamba hatafika altareni.

Katika siku zile za ugonjwa kikamwangukia mkononi kitabu kidogo cha daktari mmoja wa karne ya 18, Johann Siegmund Hahn wa Silesia, kilichoeleza nguvu za maji baridi. Kneipp hakuwa na cha kupoteza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1849 alianza kwenda Danube mara mbili au tatu kwa juma. Alikimbia mpaka mtoni ili mwili upate moto, akavua nguo, akatumbukia katika maji yale ya kuganda kwa muda wa dakika chache tu, akavaa upesi, akakimbia tena mpaka nyumbani. Polepole nguvu zikarudi, kikohozi kikapungua, naye akapona. Mwaka 1850 alihamia München katika seminari ya Georgianum, na huko, kwa siri, usiku, katika bustani, alimmwagia maji mwanafunzi mwenzake mgonjwa kwa debe la kumwagilia maua. Tunaruhusiwa kutabasamu. Wote waliokaa seminari kubwa wanajua ni makosa mangapi hufanyika bustanini baada ya taa kuzimwa, na kosa la namna ile si baya kuliko yote.

Kabla ya kuendelea tunapaswa kusema neno wazi, kwa sababu tunaijua tabia ya watu wetu. Mwaka 1849 hakuna mtu duniani aliyejua kifua kikuu kinasababishwa na nini. Ni mwaka 1882 ndipo Robert Koch alipokigundua kijidudu chake, na dawa za kukiua zilipatikana katikati ya karne ya 20 tu. Hali ya Kneipp ilikuwa hali ya mtu asiye na dawa. Watu wachache wenye ugonjwa ule hupona wenyewe, wengi zaidi hufa, naye alikuwa miongoni mwa wachache. Maji, mwendo na hewa safi huenda vilimsaidia, lakini hatuna haki ya kusema kwamba maji yaliua kijidudu. Leo mtu anayekohoa kwa majuma mawili na aende hospitali akapimwe makohozi yake, na akikutwa na kifua kikuu ameze dawa mpaka mwisho wa muda aliopangiwa, bila kuruka siku. Anayemwacha daktari na kukimbilia mtoni kwa kisingizio cha Padre Kneipp anamsingizia marehemu. Kneipp mwenyewe, alipokuwa na sifa kubwa, alipenda madaktari waketi pamoja naye wakati wa kuwaangalia wagonjwa, na mmoja wao, daktari Alfred Baumgarten, alifanya kazi naye miaka mingi.

Tarehe 6 Agosti 1852, sikukuu ya Bwana Yesu kugeuka sura, alipewa daraja takatifu ya upadre huko Augsburg. Akawa padre msaidizi katika parokia kadhaa. Mwaka 1854 kipindupindu kilienea Bavaria, naye akaingia katika nyumba za wagonjwa wa parokia ya Boos akiwa na Mafuta Matakatifu na ndoo ya maji, hata watu wakampa jina la padre wa kipindupindu. Sifa hiyo haikumletea amani. Madaktari na wauza dawa walimshtaki zaidi ya mara moja kwamba anatibu bila cheti na kuwaharibia kazi yao. Si haki kuwacheka, kwa kuwa sheria ile iliwekwa ili kuwalinda watu na waganga wa uongo, na hakimu hana kipimo cha kuonea moyo wa mtu. Kneipp aliahidi kutowapokea wagonjwa wenye uwezo wa kumwendea daktari. Maskini, ambao hakuna daktari aliyewagombania, aliendelea kuwapokea.

Mwaka 1855 Askofu alimpeleka Wörishofen, kijiji cha wakulima, awe muungamishi wa masista Wadominiko. Mtu mwenye tamaa ya makuu angaliuona uhamisho ule kama kufungiwa kabatini. Monasteri ilikuwa maskini, na mashamba yake yalikuwa na maji yaliyotuama. Yeye alichimba mifereji, akapanda majani mazuri ya malisho, akaboresha ng'ombe, akafuga nyuki, kisha akaandika vitabu vidogo vya kuwafundisha wakulima kilimo, ufugaji na nyuki. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuungamisha, kufundisha watoto, kulima, na katika chumba cha kufulia nguo cha monasteri kuwamwagia maji wagonjwa waliobisha hodi. Hakuna gazeti lililomtaja. Twapenda kuikazia macho miaka hiyo kuliko ile ya sifa iliyofuata, maana ndimo alimojifunza kazi yake. Mwanzoni matibabu yake yalikuwa makali, kama yalivyokuwa yake mwenyewe ya Danube. Baadaye, akiona jinsi wazee na wadhaifu walivyoumia, aliyapunguza ukali tena na tena, hata mwisho akapendelea maji kidogo na muda mfupi. Mtu aliyeokolewa na jambo fulani ni vigumu kulipunguza kwa ajili ya wengine, lakini Kneipp aliweza.

Mafundisho yake hayakuwa na siri. Maji baridi yakigusa ngozi yenye joto, mishipa midogo ya damu hujikaza, na mara yaondokapo hupanuka, damu ikarudi kwa nguvu na joto likaenea. Kwa hiyo sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mtu asiingie katika maji baridi akiwa na baridi mwilini. La pili, asikae sana. La tatu, akitoka atembee au afanye kazi mpaka apate moto tena. Aliwaambia watu watembee katika maji yanayofika chini ya magoti, wakiinua mguu juu kama korongo kwa kila hatua. Aliwaambia watembee pekupeku asubuhi katika majani yenye umande. Sisi tulioziona njia za Njombe na Lushoto, ambako vizazi vya watoto wamekwenda shule wakikanyaga umande bila kusoma kitabu chochote, hatuna haja ya kustaajabu sana. Cha kustaajabisha ni kwamba wenye mabehewa ya farasi walisafiri siku nzima ili wafundishwe jambo hilo.

Pamoja na maji aliweka majani ya dawa yaliyomea bustanini. Mwendo na kazi za mikono. Chakula cha kawaida cha nafaka isiyokobolewa, mboga na maziwa, bila kujaza tumbo. Na utaratibu katika maisha ya roho. Hili la mwisho lilimjia kutoka kitubioni. Aliona wagonjwa ambao maji hayakuwafaa kitu mpaka ugomvi wao wa nyumbani ulipopatanishwa au mzigo wa dhamiri ulipotuliwa. Wala hakuuacha mwili nyuma kwa sababu hiyo: mgonjwa aliungama, kisha akaenda kukanyaga umande.

Mwaka 1881, akikaribia miaka 60, akawa paroko wa Wörishofen. Mwaka 1886, baada ya kusihiwa kwa muda mrefu, akatoa kitabu chake juu ya matibabu ya maji. Alidhani labda kingempunguzia wageni, kwa kuwa kila mtu angalijitibu kwao. Ikawa kinyume kabisa. Kitabu kilichapishwa tena na tena, kikafasiriwa katika lugha nyingi, na watu wakaja kwa maelfu. Mwaka 1889 akakifuatisha na kingine juu ya namna ya kuishi, ambacho kwa maoni yetu kina faida zaidi, kwa sababu cha kwanza ni cha wagonjwa na cha pili ni cha wazima wasiotaka kuugua. Wakulima wakageuza maghala kuwa vyumba vya kulala wageni, na mwaka 1896 reli ikafika kijijini.

Mzee huyu, mnene, mwenye nyusi nzito, akifuatwa na mbwa wake mdogo mweupe, alisoma Misa alfajiri, akaungamisha, kisha akaketi kuwapokea wagonjwa, na baadaye akawahutubia wageni kwa lugha ya kijijini isiyo na mapambo. Hakuwa mpole wa ulimi. Mabibi waliojibana viuno kwa mikanda ya mtindo wa siku zile waliambiwa mbele ya watu kwamba mavazi yao ndiyo ugonjwa wao. Yosefu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, alivua viatu akatembea majanini kama wengine. Na kwa kuwa hatuandiki habari za malaika, tuseme pia kwamba Padre Kneipp alipenda kuvuta sigara nene za majani, wala hakuziacha. Waliomwiga katika hilo hawakupata afya, na sisi tujuao leo jinsi tumbaku inavyoleta saratani hatuwezi kumpa sifa kwa jambo hilo.

Sasa juu ya fedha. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara. Mapato ya vitabu, na zawadi za matajiri waliopona, vilikuwa halali yake, na hakuna sheria ya Kanisa iliyomzuia kujijengea nyumba nzuri na kuwatajirisha jamaa zake. Wakati huohuo wenye viwanda walikuwa wakimjia wakitaka kutumia jina lake. Mwaka 1892 kiwanda cha Kathreiner kilipata ruhusa ya kutia jina na picha yake juu ya pakiti za kahawa ya shayiri. Fedha zile ziliingia kwa mkono mmoja zikatoka kwa mwingine. Mwaka 1891 ilifunguliwa nyumba ya wagonjwa ya Sebastianeum, akaikabidhi kwa Mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu. Mwaka 1893 ilifuata nyumba ya watoto wagonjwa, ambao wengi wao walikuwa maskini. Mwaka 1896 ikafuata ya tatu, Kneippianum. Yule ambaye gulden zake 70 ziliungua angaliweza kujifunza kuifumbata fedha kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wengi waliowahi kunyang'anywa. Yeye aliishi katika nyumba ya paroko, akala chakula cha paroko.

Katika umri ambao wengine huomba kuachiwa wapumzike, yeye alianza safari. Tangu mwaka 1890, akiwa karibu na miaka 70, alizunguka miji mikubwa ya Ujerumani, ya Austria-Hungaria na ya nchi nyingine za Ulaya akihutubia makutano. Mwaka 1893 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alimpa heshima ya Monsinyori, na mwanzoni mwa mwaka 1894 akampokea Roma. Hapo paroko wa miaka 72 akamshauri Papa wa miaka 83 juu ya afya yake. Leo aliendelea kuliongoza Kanisa hata mwaka 1903, akafa akiwa na miaka 93. Hatudai kwamba ni kwa sababu ya maji.

Huenda msomaji akauliza yote haya yanatuhusu nini sisi, ambao maji baridi si anasa kwetu na wengi wetu hutembea kwa kukosa nauli. Yanatuhusu kwa sababu mambo yamebadilika. Nendeni hospitali yoyote ya mjini siku ya kliniki ya kisukari na ya shinikizo la damu, mtazame foleni. Huko wako wenye maduka, makarani, walimu, na hata sisi mapadre, ambao tangu tulipopata gari hatuendi kigango kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ajitie katika mwendo wa kumtoa jasho walau dakika 150 kwa juma, na wazee waliopita miaka 65 vilevile kadiri wawezavyo, wakiongeza mazoezi ya kuimarisha miguu ili wasianguke. Hesabu hiyo ni dakika 30 kwa siku tano, yaani chini ya muda ambao wengi hukaa barazani wakingoja chai. Na kuhusu wazee wetu, iko desturi iliyoanza kuingia katika nyumba za wenye uwezo, ya kumweka babu kitini na kumkataza kushika jembe kana kwamba kumpenda ni kumnyima kazi. Babu huyo angeweza kuchunga bustani, kufundisha wajukuu katekisimu, kuwatembelea wagonjwa wa jumuiya. Ananyimwa hayo, kisha watu hushangaa kwamba anadhoofika upesi.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Kneipp alirudi kutoka safari zake akiwa amechoka. Uvimbe ulikuwa umeota tumboni mwake. Madaktari walishauri upasuaji, naye akakataa. Hapo nasi twaona kwamba mtu aliyewatibu wengi aweza kuwa mgonjwa mgumu, ingawa katika siku zile upasuaji wa namna hiyo wenyewe uliua wengi. Kwa majuma mengi aliendelea kuwapokea watu kadiri nguvu zilivyomruhusu. Alifariki Wörishofen tarehe 17 Juni 1897, ambayo mwaka ule ilikuwa sikukuu ya Mwili wa Kristo, akiwa na umri wa miaka 76. Prior Bonifaz Reile wa wale Mabruda, aliyekuwa msaidizi wake wa karibu, akaishika kazi. Alizikwa katika makaburi ya kijiji kilekile alikopelekwa miaka 42 kabla yake kuwaungamisha masista, na kanisa dogo likajengwa juu ya kaburi lake.